Waya kwenye kina cha ubongo: kwa nini takwimu za tiba ya tiki kali zinapingana

Mwaka 2017 madaktari wa Ufaransa walichapisha matokeo ya jaribio lililoendeshwa kwa uangalifu mkubwa. Wagonjwa wa Tourette, ugonjwa wa tiki, waliokwisha kupandikizwa waya za umeme ndani ya ubongo waligawanywa makundi mawili. Kundi moja liliwashiwa umeme, jingine halikuwashiwa, na hakuna mgonjwa aliyeambiwa yuko upande upi. Baada ya miezi 3, tofauti ya maana kati ya makundi hayo haikuonekana.

Mwaka uliofuata ikatoka taarifa ya daftari la kimataifa linalokusanya habari za wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa aina hiyohiyo: watu 185, nchi 10. Mwaka mmoja baada ya upasuaji, ukali wa ugonjwa wao ulikuwa umeshuka kwa wastani wa asilimia 45.

Aliyesoma taarifa ya kwanza tu atasema watu wametobolewa fuvu bure. Aliyesoma ya pili tu atauliza foleni inaanzia wapi. Taarifa zote mbili ni za kweli, na zimetoka kwa watu wanaoijua kazi yao. Ili kuona zinavyokaa pamoja, inabidi kwanza tujue tiki ni nini hasa, na nani anafikia hatua ya kupasuliwa.

Tiki ni mwondoko au sauti inayomtoka mtu ghafla, ikajirudia tena na tena bila kuwa na kazi yoyote: kupepesa macho, kukunja pua, kupandisha bega, kurusha kichwa, kukohoa bila kikohozi, kuguna. Si kifafa, kwa sababu mwenye tiki ana fahamu zake zote na anaona kinachotokea. Si tetemeko la ugonjwa wa Parkinson pia, maana tiki inaweza kuzuiwa kwa muda. Lakini kuizuia ni kazi nzito. Wengi husimulia kwamba kabla ya tiki hutangulia msukumo unaokaa mahali fulani, shingoni au kooni au nyuma ya macho, ukizidi kukaza mpaka tiki itoke. Ikitoka kunakuwa na nafuu kidogo, kisha msukumo unaanza upya. Ndiyo maana mtoto anaweza kujikaza darasani asubuhi nzima, akifika nyumbani zikamtoka mfululizo, na mama yake akaamini anafanya makusudi kwa sababu mwalimu kasema shuleni hana tatizo.

Tiki za mwili zikiwa zaidi ya moja, ikawapo na angalau moja ya sauti, zikadumu zaidi ya mwaka na zikawa zilianza kabla ya umri wa miaka 18, hapo huitwa ugonjwa wa Tourette. Jina limetoka kwa Georges Gilles de la Tourette, daktari wa hospitali ya Salpêtrière jijini Paris, aliyeeleza wagonjwa 9 mwaka 1885. Kuropoka matusi, ambako filamu zimekufanya kuwa ndiyo sura ya ugonjwa huu, huwapata wachache tu, asilimia 10 hadi 15 hivi. Linalowasumbua wengi zaidi ni magonjwa yanayofuatana nao: kushindwa kutulia na kuwa makini, au kulazimika kurudiarudia jambo lilelile hadi nafsi iridhike.

Mwenendo wa tiki kwa miaka ni jambo la kukumbuka, kwa sababu ndilo litakalofafanua takwimu huko mbele. Huanza mara nyingi mtoto akiwa na miaka 5 hadi 7, hukolea kwenye miaka 10 hadi 12, na kwa wengi hupungua anapoelekea utu uzima. Katikati ya safari hiyo ndefu hupwa na kujaa kama bahari: kuna majuma ya shida tupu, kuna majuma ya utulivu, na mara nyingi hakuna anayeweza kusema kilichobadilika.

Wachache ndio ambao utu uzima unawafikia na tiki zimezidi badala ya kupungua. Hawa ndio tunaowazungumzia. Mtu anayerusha kichwa nyuma kwa nguvu mamia ya mara kwa siku anaweza kuumia pingili za shingo hadi uti wa mgongo ukaathirika, akaanza kupoteza nguvu za mikono na miguu. Wapo waliojipiga usoni hadi wakaharibu macho. Wapo wasioweza kupanda basi, kukaa ofisini wala kulala.

Hata hao hawapelekwi moja kwa moja kwenye chumba cha upasuaji. Hatua ya kwanza ni mafunzo ya tabia. Mgonjwa hufundishwa kuutambua msukumo mapema, kisha kufanya kitendo kinachopingana na tiki, kwa mfano kukaza shingo taratibu kidevu kikiwa chini pale kichwa kinapotaka kuruka, hadi msukumo upite. Hakuna dawa hapo. Katika jaribio la Marekani la mwaka 2010 lililohusisha watoto 126, zaidi ya nusu ya waliopewa mafunzo hayo walipata nafuu ya wazi, dhidi ya chini ya mmoja kati ya watano katika kundi lililopewa ushauri wa kawaida. Tiba hii haisemwi sana, labda kwa sababu haina picha ya kuvutia ya kuwekwa kwenye televisheni.

Zikifuata dawa, kuna za kutuliza kama klonidini, na kuna zinazozuia dopamini, kemikali ambayo seli za ubongo hutumia kupelekeana taarifa: haloperidoli, risperidoni, aripiprazoli. Haloperidoli imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya magonjwa ya akili, kwa hiyo si kitu kigeni kwenye kliniki za akili za Afrika Mashariki. Tatizo lake ni gharama ambayo mwili hulipa: usingizi mzito, uzito kuongezeka, viungo kukakamaa. Wagonjwa wengi huiacha kabla daktari hajawaambia waiache.

Miongozo ya kuchagua wa kupasuliwa hudai kwamba mtu awe amepitia haya yote, mafunzo ya tabia na aina kadhaa za dawa kwa kipimo cha kutosha, na bado tiki zinamlemaza.

Wazo la kuigusa sehemu ya ndani ya ubongo ili kutuliza tiki halikuanza na umeme. Mwaka 1970 Rolf Hassler na Dieckmann, wakifanya kazi Ujerumani, waliripoti wagonjwa wa Tourette ambao waliunguzwa vijisehemu vya thalamasi, kituo kilicho katikati ya ubongo. Tiki zilipungua. Lakini tishu ya ubongo ikishaunguzwa hairudi, na daktari akikosea milimita chache mgonjwa ataishi na kosa hilo hadi kufa kwake.

Mlango mwingine ulifunguliwa Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987. Madaktari waliokuwa wakitibu tetemeko kwa kuunguza thalamasi walizoea kwanza kupima mahali kwa umeme, ili wajue wamefika panapotakiwa. Alim-Louis Benabid akaona kwamba umeme ukipigwa kwa kasi kubwa, mapigo mia hivi kwa sekunde, tetemeko linasimama palepale, na ukizimwa linarudi. Kwa nini basi kuunguza? Waya iliachwa humo humo, ikaunganishwa na betri. Tangu hapo zaidi ya watu laki moja duniani wamewekewa waya kama hizo, wengi wao kwa ajili ya Parkinson na tetemeko.

Kwa Tourette, wa kwanza alikuwa mwanamume wa miaka 42 huko Maastricht, Uholanzi. Daktari wa upasuaji wa ubongo Veerle Visser-Vandewalle na wenzake walizielekeza waya kwenye sehemu zilezile za thalamasi ambazo Hassler aliziunguza, wakachapisha habari hizo mwaka 1999. Miaka minne baadaye walieleza wagonjwa watatu, na kwa kila mmoja tiki zilikuwa zimepungua kwa zaidi ya asilimia 70. Namba kama hizo, kwa watu waliokuwa wamekata tamaa, zilitosha kuwafanya madaktari wa nchi nyingine wajaribu.

Ndani ya ubongo kuna njia inayozunguka. Taarifa za mwondoko hutoka kwenye gamba la ubongo, hushuka hadi kwenye mafundo ya seli yaliyo ndani, ambayo ni striatamu na globasi palidasi, hupita thalamasi, kisha hurudi kwenye gamba. Kazi ya mzunguko huo, kwa lugha fupi, ni kuruhusu mwondoko unaotakiwa sasa na kuzuia mingine yote. Globasi palidasi ndiyo inayoibana thalamasi. Kikundi kidogo cha seli ndani ya striatamu kikifyatuka wakati usio wake, kibano hulegea kwa nukta moja, na mwondoko ambao haukuitwa unapita.

Hii si dhana tupu. Watafiti wa Israel, kwenye maabara ya Izhar Bar-Gad, waliwadunga nyani kwenye striatamu kemikali inayoondoa kizuizi cha seli kwa muda mfupi. Nyani wakaanza kutoa tiki, na kiungo kilichoruka kilitegemea mahali sindano ilipofika: mkono au uso. Katika majaribio mengine ya nyani wa aina hiyo, umeme wa kasi ulipopigwa kwenye globasi palidasi, tiki zikapungua. Namna hasa umeme unavyofanya kazi bado inabishaniwa, ila maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba unavuruga mpangilio mbovu wa mapigo ya seli, ule mpigo wa ghafla usiweze kupita kwenye mzunguko.

Upasuaji wenyewe huanza na picha za MRI na hesabu. Kichwa hufungwa kwenye fremu ya chuma, fuvu hutobolewa matundu mawili madogo, na waya yenye unene wa milimita 1.27 hushushwa kila upande hadi shabaha. Nchani mwake mna vituo vinne au zaidi vya kutolea umeme. Mgonjwa wa Parkinson mara nyingi huwa macho wakati huo ili daktari aone matokeo papo hapo. Mwenye tiki kali mara nyingi hulazwa usingizi, kwa sababu zinazoeleweka. Kisha waya hupitishwa chini ya ngozi, nyuma ya sikio na shingoni, hadi kwenye kifaa chenye betri kilichozikwa kifuani chini ya mtulinga. Kifaa hupiga umeme mfululizo, mara nyingi mapigo 130 hivi kwa sekunde, usiku na mchana.

Shabaha iwe wapi? Kwenye Parkinson madaktari wamekubaliana kwa kiasi kikubwa. Kwenye Tourette, hapana. Katika daftari la kimataifa zaidi ya nusu ya waya zilikuwa kwenye thalamasi, nyingine sehemu ya mbele ya globasi palidasi, nyingine sehemu yake ya nyuma, na chache kabisa kwingineko. Kwa wastani makundi yote yalipata nafuu kwa viwango vinavyokaribiana, jambo linaloshangaza mpaka ukumbuke kwamba hizo zote ni stesheni za mzunguko mmoja. Mwaka 2022 Christos Ganos na wenzake walichapisha kazi iliyoingia kwa mlango wa nyuma: walitafuta watu ambao tiki zilianza baada ya kuumia ubongo, kwa mfano kwa kiharusi, wakaangalia majeraha yao yako wapi. Yalikuwa sehemu tofauti, lakini karibu yote yalikuwa yameunganika na mtandao mmoja. Walipoulinganisha mtandao huo na wagonjwa waliopandikizwa waya, wale ambao umeme wao uliugusa zaidi ndio waliopata nafuu zaidi.

Turudi sasa kwenye ule mgongano wa namba.

Anza na nani anayekuja kupasuliwa, na lini. Hakuna anayekubali kutobolewa fuvu katika majuma yake ya utulivu. Anakuja tiki zimejaa. Ugonjwa unaopanda na kushuka wenyewe, ukiupima mara ya kwanza ukiwa kileleni, kipimo cha pili kitakuwa chini hata kama daktari hakufanya kitu. Juu ya hapo, tiki husikia hali ya moyo: wasiwasi huzizidisha, matumaini huzituliza. Upasuaji mkubwa kwenye hospitali ya sifa, timu nzima ikikufuatilia kwa mwaka, ni matumaini ya kiwango cha juu. Kwa hiyo asilimia 45 ya daftari, ambayo ni tofauti kati ya kabla na baada bila kundi la kulinganisha, lazima ibebe kitu ambacho si kazi ya umeme. Kiasi gani, daftari lenyewe haliwezi kusema.

Majaribio ya kificho yalibuniwa kuondoa hicho kitu cha ziada. Jijini London, katika matokeo yaliyotoka mwaka 2015, wagonjwa 15 walipandikizwa waya kwenye globasi palidasi, na 13 kati yao wakamaliza vipindi viwili vya miezi 3, kimoja umeme ukiwa umewashwa na kingine umezimwa, wao na wapimaji wao wasijue ni kipi. Kwenye kipimo cha Yale cha ukali wa tiki, ambacho hufikia alama 100, wastani ulikuwa 80.7 umeme ukiwa umezimwa na 68.3 ukiwa umewashwa. Nafuu ya asilimia 15 hivi. Ni halisi, na ni ndogo. Lakini angalia kilichofuata: kificho kilipoondolewa na matibabu yakaendelea, wagonjwa wale wale walifika asilimia 40 chini ya walivyoanza.

Mtu mwenye shaka atasema ni yale matumaini yamerudi. Inawezekana kwa sehemu. Ila kuna jambo la muda ambalo binafsi naliona lina uzito kuliko yote. Mwaka 2019 uchambuzi wa wagonjwa 110 kutoka vituo mbalimbali ulionyesha kwamba nusu yao walihitaji miezi 13 au zaidi kufikia nafuu ya asilimia 40. Sasa jaribio la miezi 3 litaona nini? Tetemeko la Parkinson hujibu ndani ya sekunde: daktari anageuza kipimo, mkono unatulia, anaandika. Tiki hujibu kwa siku na majuma, na kila badiliko la nguvu ya umeme, upana wa pigo, au kituo kipi cha waya kitumike, linataka kusubiriwa kabla ya kujaribu jingine. Jaribio la Ufaransa lilipima watu 16 ambao mipangilio yao, kwa hali hiyo, ilikuwa bado michanga. Kukosa tofauti katika kundi dogo hivyo kwa muda mfupi hivyo si sawa na kuthibitisha kwamba tofauti haipo. Nafikiri magazeti mengi yaliyoripoti jaribio lile yalilikosea hapo.

Hata kificho chenyewe huvuja. Umeme ukiwashwa baadhi ya wagonjwa husikia ganzi au vijisindano mwilini, na mtu mwenye akili timamu hahitaji kuambiwa maana yake.

Kisha wastani huficha watu. Ndani ya asilimia 45 yumo aliyepungukiwa tiki kwa robo tatu akarudi kazini, na yumo ambaye hakupata lolote isipokuwa makovu. Na kwa wastani huohuo, alama za wagonjwa wa daftari zilishuka kutoka 75 hadi 41 kwa mia. Mwenye 41 bado ana tiki, watu bado wanamgeukia njiani. Hakupona, amepata maisha anayoweza kuyaendesha. Nikilazimishwa kutaja msimamo wangu, naichukua ile 15 ya London kama sehemu iliyothibitika kuwa ni ya umeme wenyewe katika miezi ya mwanzo, na kilichobaki hadi 45 kama mchanganyiko wa umeme uliopata muda, kupwa kwa ugonjwa wenyewe, na matumaini. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imeruhusu tiba hii kwa Parkinson na tetemeko, na kwa masharti maalumu kwa misuli inayojipinda na kwa ugonjwa wa kulazimika kurudiarudia. Kwa Tourette haijaruhusu. Hospitali zinazoifanya huifanya kwa hiari ya kitabibu au ndani ya utafiti.

Madhara nayo yana hesabu. Katika daftari, kuvuja damu ndani ya fuvu kulitokea kwa asilimia 1.3 ya wagonjwa na maambukizi kwa 3.2. Yaliyojirudia zaidi yalitokana na umeme wenyewe, hasa vile vijisindano na ulimi kuwa mzito wakati wa kusema. Hayo mara nyingi hupungua kipimo kikirekebishwa. Lakini wagonjwa wa Tourette wana hatari yao ya pekee. Msukumo unaowafanya waguse na kukwaruza hauondoki siku ya upasuaji, na kidonda kibichi juu ya fuvu au kifuani kinaita vidole. Mtu anayerusha shingo kwa nguvu anaweza pia kuivuta waya inayopita humo hadi ikaharibika. Timu nzuri hulizungumza hili kabla ya kisu.

Umri ni ubishi mwingine. Miongozo ya Marekani ya mwaka 2006 ilitaka mgonjwa awe na miaka 25 au zaidi, kwa hoja kwamba tiki nyingi zitakuwa zimepungua zenyewe kufikia hapo. Mwaka 2015 kikomo hicho kililegezwa, ila kwa wenye umri chini ya miaka 18 kamati ya maadili ishirikishwe. Ni sawa, kwa maoni yangu: kijana anayevunja pingili zake za shingo akiwa na miaka 16 hawezi kuambiwa asubiri takwimu.

Msomaji wa Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura anayefikiria safari ya nje kwa ajili ya tiba hii aelewe kwamba kupandikiza ndiyo sehemu fupi. Ndefu ni ile miezi ya kurudi na kurudi kurekebisha mipangilio, ambayo huhitaji mtaalamu na kifaa cha kuusoma mtambo uliomo kifuani. Kisha kuna betri. Tiki mara nyingi huhitaji umeme mwingi kuliko Parkinson, na betri ya kawaida inaweza kwisha ndani ya miaka michache; kuibadilisha ni upasuaji mwingine, na ikizimika ghafla tiki zinaweza kurudi kwa kishindo. Zipo za kuchaji kupitia ngozi, zinazodumu zaidi na kuuzwa ghali zaidi.

Huko Gainesville, kwenye Chuo Kikuu cha Florida, timu ya Michael Okun na Aysegul Gunduz imejaribu njia ya kuacha kupiga umeme saa 24. Waya zile zile zinaweza kusikiliza, na walichosikia ni kwamba mawimbi ya kasi ndogo kwenye thalamasi hupanda tiki inapotokea. Kwa hiyo wakatumia kifaa kinachongoja ishara hiyo ndipo kipige. Kwa mgonjwa mmoja waliyemripoti mwaka 2018, tiki zilidhibitiwa, na hesabu ya betri ilionyesha ingedumu zaidi kwa zaidi ya nusu ya muda wa kawaida. Huyo ni mgonjwa mmoja tu, na kwa jinsi tulivyoona namba za ugonjwa huu zinavyocheza, itabidi wapimwe wengi, kwa kificho, na kwa zaidi ya miezi 3.